Kaunta za Temeke: shajara ya mradi wa uzazi wa mpango, Februari hadi Septemba 2025

Februari

Kata tulizopewa ni Tandika, Azimio, Mbagala Kuu, Charambe na Chamazi, zote Manispaa ya Temeke. Kazi yenyewe kwa kifupi: kuzishawishi kliniki za watu binafsi, famasi na maduka ya dawa muhimu watoe huduma za uzazi wa mpango, kila mmoja kwa kiwango anachoruhusiwa, na kuhakikisha bidhaa za bei nafuu hazikauki kwenye rafu zao.

Swali la kwanza tunaloulizwa kila tunapojitambulisha ni lile lile: si serikali inatoa bure? Ndiyo, inatoa bure, na hatuna nia ya kushindana nayo. Lakini Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na vituo vya umma vinaujua uzito wao. Mama mwenye genge Tandika akienda kuchoma sindano anatoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa sita, nyanya zimeshapigwa jua. Bure inayokula nusu siku ya biashara ana namna yake ya kuihesabu.

Watu wengi, hata ndani ya sekta, wanaamini mjini shida hii imekwisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 unaonyesha mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, vijijini 5.5 na mjini 3.6. Tofauti ni kubwa, ndipo watu wanapumua. Utafiti huo huo unasema ni asilimia 31 tu ya walio kwenye ndoa wanaotumia njia za kisasa, na asilimia 21 wangependa kupumzika au kuacha kuzaa lakini hawatumii njia yoyote. Hawa wa kundi la pili wapo pia Mbagala, umbali wa kutembea kutoka kwenye duka la dawa.

Tumeanzia kwa Mratibu wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa manispaa. Bila yeye hakuna kliniki itakayotupa kiti. Ametupa orodha yake ya vituo binafsi, na sharti moja: tusimfundishe mtu kufanya asichosajiliwa kufanya. Duka la dawa muhimu liuze kondomu na vidonge, lisiguse sindano. Sindano, kijiti na kitanzi ni vya kliniki yenye mtaalamu aliyesomea na mahali pasafi pa kufanyia.

Halafu kuna hili la Marekani. Agizo la Januari 20 la kusimamisha misaada ya nje halikutugusa moja kwa moja, maana fedha zetu hazitoki huko. Bidhaa ni habari nyingine. Marekani imekuwa ikitoa takriban asilimia 40 ya fedha zote ambazo serikali wafadhili hutoa duniani kwa uzazi wa mpango. Mkuu wetu anasema tusubiri tuone. Mimi nimeomba tuhesabu akiba ya kila kliniki sasa hivi.

Machi

Tumezunguka kata zote tano. Ningeweza kuandika mengi, lakini duka moja la Tandika, karibu na soko, linatosha kueleza karibu kila tulichokikuta.

Kabati la kioo la mbele: P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo, zipo usawa wa macho, katikati kabisa. Kondomu zimening'inizwa ukutani karibu na miswaki. Vidonge vya majira ilibidi niulize. Muuzaji akainama, akasogeza katoni la dripu, akatoa pakiti tatu zenye vumbi.

"Hivi havitoki, kaka," akasema. "P2 nauza mpaka nafunga."

Nikamuuliza mteja akija anasemaje.

"Hasemi. Anakuonyesha vidole viwili tu."

Tukiwa bado hapo akaingia binti, akaagiza panadol, akalipa, akawa anajifanya anasoma bango la malaria. Alikuwa anamsubiri mzee mmoja wa barakashia amalize kununua dawa ya kikohozi. Mzee hakuwa na haraka, alikuwa na habari za mpira. Binti akaondoka. Muuzaji akatikisa kichwa: "Atarudi jioni. Au ataenda duka jingine asikojulikana."

Tangazo la redio halimsaidii binti huyu. Anajua anachotaka, hela anayo mkononi, duka lipo wazi na bidhaa ipo. Kilichokosekana ni hatua mbili za faragha.

Kuhusu P2, niliandike hapa ili lisije likapotoshwa kwenye ripoti: ni dawa halali na ina kazi yake. Miligramu 1.5 za levonojestreli, zikimezwa mapema, ndani ya saa 72, huchelewesha yai kutoka. Haifanyi kazi yai likishatoka, haitoi mimba iliyokwisha kutungwa, na mtu akiigeuza kuwa njia ya kila wiki atavurugikiwa na mzunguko huku kinga yake ikiwa dhaifu kuliko ya vidonge vya kila siku. Lakini muuzaji anapata faida nzuri zaidi kwa P2 moja kuliko kwa pakiti ya mwezi mzima ya vidonge. Hatuwezi kumlaumu kwa kuipanga mbele. Kama tunataka aibadilishe rafu, lazima hesabu ya rafu ibadilike.

Aprili

Mwezi wa mabishano ya bei. Wenzetu wawili wanataka bei ishushwe mpaka chini kabisa. Mimi sikubali.

Biashara ya namna hii si ngeni. India ilianza mwaka 1968 na kondomu za Nirodh, tatu kwa paisa 15, zikisambazwa na kampuni zilizokuwa tayari zinapeleka chai na sabuni mpaka kijijini. Hapa jirani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la kimataifa la PSI, linalouza bidhaa za afya kwa bei ya ruzuku, lilijaribu Meru, Kenya, kuuza kondomu iliyoitwa Kinga kwenye maduka ya kawaida ya rejareja. Kwetu kondomu ya Salama imekuwa kwenye vibanda tangu miaka ya 1990, na Dume ikafuata. Kote huko kanuni ni ile ile: ruzuku inaingia kwenye bidhaa, lakini muuza duka anaachiwa faida, kwa sababu asipopata kitu hatasumbuka kuagiza tena.

Philip Harvey, mmoja wa waanzilishi wa PSI, alipolinganisha mauzo ya nchi nyingi aliona kwamba gharama ya kondomu za mwaka mzima ikizidi asilimia moja ya pato la mtu, mauzo yanaanguka. Ni dari nzuri. Sakafu ndiyo haina kanuni, na hapo ndipo tunapogombana. Bidhaa ikiwa rahisi mno, muuzaji anaona aibu kuipanga, na mteja wa Mbagala anauliza, "Hii ya msaada au nzima?" Nimelisikia swali hili kwa masikio yangu, tena si kwa mtu mmoja.

Kipimo nilichopendekeza ni nauli: pakiti ya mwezi isizidi nauli ya daladala kwenda Kariakoo na kurudi. Ikizidi hapo, mtu ataona bora aende kituo cha umma, na atakuwa sahihi. Muuzaji aachiwe faida ya kutosha kwa kila pakiti, na zaidi akiuza pakiti tatu kwa mteja mmoja kwa mpigo, maana anayechukua za miezi mitatu haachi katikati kwa sababu ya kusahau kupita dukani.

Kikao kimepitisha. Kuna mmoja bado amenuna.

Suala la matangazo tumelimaliza haraka. Kila mtu anakumbuka Septemba 2018, Wizara ya Afya ilipoagiza matangazo ya uzazi wa mpango yasitishwe redioni na kwenye televisheni. Leo hali si ile, lakini kuweka mayai yote kwenye redio ni kujitafutia balaa. Fedha ya matangazo inaenda kwenye kaunta: bango dogo la bei linaloangalia ndani badala ya barabarani, na kadi ngumu yenye picha za njia zote. Mteja anagusa picha kwa kidole, habari imekwisha. Mzee wa barakashia aendelee na mpira wake.

Mei

Mafunzo ya wauguzi wa kliniki, wiki nzima, Mbagala. Ratiba ilianza na namna ya kuweka kijiti. Siku ya pili tukaipindua, kwa sababu ya muuguzi mmoja mtu mzima, mkunga mstaafu wa serikali ambaye sasa ana kliniki yake Charambe. Wote tunamwita Mama, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

"Mwanangu," aliniambia mbele ya darasa, "kuweka nimeweka kabla hujazaliwa. Nifundishe cha kumwambia mtu anapotokwa na damu siku ishirini."

Darasa likacheka, kisha likanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mteja wake wa namna hiyo.

Sindano ya miezi mitatu huvuruga hedhi: miezi ya mwanzo matone yasiyoisha, baadaye kwa wengi hedhi hukata kabisa. Kijiti nacho hivyo hivyo, kila mwanamke kwa namna yake. Asiyeambiwa mapema anaona ugonjwa. Mume anaona ugonjwa zaidi. Shangazi anasema damu imejaa tumboni, wiki ya pili mtu yuko kliniki anataka kitolewe. Na aliyeacha kwa hofu hakai kimya mtaani, anawaeleza wenzake saluni.

Kwa hiyo siku iliyobaki tuliigeuza kuwa ya maswali na majibu, Mama akiwa mteja. Alituuliza yote. Kijiti kinahama mpaka kwenye moyo? Hapana, kinakaa chini ya ngozi ya mkono. Kikiwekwa vizuri unakigusa kwa kidole. Sindano inakausha mayai? Hapana, lakini usimdanganye mtu: baada ya kuacha sindano, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, miezi kadhaa zaidi kuliko kwa njia nyingine. Anayetaka mtoto mwakani ashauriwe vidonge, au kijiti ambacho akikitoa haichukui muda. Kitanzi kinamchoma mume? Hapo darasa lilishindwa kujizuia. Jibu ni kwamba kitanzi hukaa ndani ya mfuko wa uzazi, ila nyuzi zake zinaweza kuguswa, na zinaweza kupunguzwa.

Jambo la nyuzi lilichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nimegundua wauguzi wengi hawataji kitanzi kabisa, si kwa sababu wateja wanakikataa, bali kwa sababu wao wenyewe hawajakiweka miaka mingi na hawataki kuonekana hawajui. Njia inayodumu miaka kumi na zaidi, isiyo na homoni, inafia kwenye aibu ya mtoa huduma. Tumepanga siku ya mazoezi kwa vielelezo, na kisha Mama awasimamie wanne kliniki kwake.

Kwa wauza maduka tumefanya mafunzo mafupi, mchana mmoja tu, kwa sababu duka likifungwa siku nzima mwenye duka hatatusamehe. Maswali ya kumuuliza anayeanza vidonge: anavuta sigara? Ana presha? Ananyonyesha mtoto mchanga? Anaumwa kichwa kile cha kuona vimulimuli? Akijibu ndiyo kwa lolote, asiuziwe, aelekezwe kliniki na aandikiwe jina la kliniki kwenye kikaratasi. Kikaratasi ndicho kitakachotuonyesha kama rufaa zinafika.

Juni

Idd imeangukia wiki ya kwanza, biashara ikawa ya nguo na nyama. Nusu ya pili ya mwezi tulikuwa kwenye vibali na leseni. Hakuna la kuandika, ila hili: muuza jumla mmoja wa Kariakoo amepunguza mzigo wa sindano. Hakupandisha bei, amepunguza mzigo tu. Nimewaambia kliniki zote ziagize mapema.

Julai

Julai mosi USAID, shirika la misaada la Marekani, imefungwa rasmi, kazi zilizobaki zimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Tulikwisha kujua.

Kilichonichukua mwezi huu ni vitabu vya kuandikia wateja. Kwa mwongozo, kliniki binafsi yenye makubaliano na manispaa inaweza kupewa sindano, vijiti na vitanzi vya serikali bila malipo, mradi isimtoze mteja bei ya bidhaa, imtoze huduma tu. Kwetu hii ni njia ya dhahabu kipindi hiki ambacho bidhaa za biashara zinayumba. Sasa mbona kliniki za Chamazi hazipewi?

Nilikwenda kwa Mratibu na majina mkononi. Akafungua kompyuta, akanionyesha mfumo wa ripoti za vituo. Kliniki ya kwanza: sifuri. Ya pili: sifuri. Ya tatu haikuwahi kutuma ripoti. "Mimi nigawe kwa mtu asiyekuwa na mteja hata mmoja?" akaniuliza, na kwa macho ya kompyuta alikuwa na haki.

Nikaenda Chamazi. Dada wa kliniki ya kwanza alinitolea daftari la shule, lenye mistari ya bluu, limejaa: tarehe, jina moja, umri, "sindano", kiasi alicholipa, tarehe ya kurudi. Wateja wapo, tena wengi. Kitabu namba 8 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, kile rasmi cha uzazi wa mpango, kilikuwa kwenye droo kwenye nailoni yake. Nikamuuliza kwa nini hakitumii.

"Kile kina safu nyingi, kaka, na mimi niko peke yangu. Nikikijaza, foleni inaondoka. Na tena wanasema kodi wanaangalia humo."

Hofu ya kodi haina msingi, nimemweleza na Mratibu amemthibitishia kwa simu. Hoja ya foleni ina msingi kabisa. Yeye anauza kutosubiri. Ukimpa kazi ya kumchelewesha mteja, unamnyang'anya bidhaa yake kuu. Tulichokubaliana: aendelee na daftari lake mchana, na kijana wetu wa takwimu apite jioni mara moja kwa wiki, wahamishe pamoja kwenye kitabu namba 8, mpaka mkono wake uzoee. Majina yabaki kwake, sisi tuchukue jumla tu.

Nikiwa kwenye mambo ya takwimu, niliache hapa lawama yangu kwa kipimo tunachoripotia, miaka ya kinga kwa wenzi, yaani bidhaa tulizotoa zinawakinga wenzi kwa miaka mingapi. Pakiti kumi na tano za vidonge ni mwaka mmoja. Sindano nne ni mwaka mmoja. Kondomu 120, mwaka mmoja. Kijiti kimoja cha miaka mitatu kinahesabiwa miaka miwili na nusu siku hiyo hiyo kinapowekwa, kitanzi cha shaba miaka 4.6. Kama kipimo cha jumla hakina ubaya. Lakini afisa mwenye lengo la robo mwaka akikiangalia, anajua fika akiwasukumia watu vijiti atafika kileleni haraka kuliko akiuza vidonge. Mteja aliyesukumwa anarudi mwezi wa pili kukitoa, na kipimo hakipungui. Nimeomba kwenye ripoti yetu tuongeze safu ya waliorudi tarehe yao. Ofisi ya juu wanasema mfadhili hakuiomba. Tutaijaza hata hivyo.

Agosti

Habari ya Geel, Ubelgiji, imefika mpaka Mbagala. Bidhaa za uzazi wa mpango zilizonunuliwa na Marekani, za dola milioni 9.7, zimekaa ghalani huko zikisubiri kuchomwa moto, na hazijaisha muda: za mwanzo kuisha ni za 2027. Kwa hesabu ya IPPF, shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, Tanzania ilikuwa ipate humo sindano zaidi ya milioni moja na vijiti 365,100.

Mama wa Charambe alinipigia kabla sijasoma. "Wanachoma?" akauliza. Nikamwambia ndivyo inavyosemwa. "Basi wangenipa mimi boksi moja."

Kazi ya mwezi ilikuwa kupanga nani apewe nini kwa kilichopo. Tumeamua sindano za akiba yetu zisitumike kuanzisha wateja wapya mpaka kliniki iwe na za kuwatosha wale walioko kwenye tarehe ya kurudi. Uamuzi huu umenigharimu maneno. Wenzangu wanasema tunawafungia mlango wanaokuja mara ya kwanza. Hatuwafungii: wanaelezwa njia nyingine zote, na anayeitaka sindano tu anapelekwa kituo cha umma kwa kikaratasi. Lakini kumwanzishia mtu njia ya kila miezi mitatu huku hujui kama Novemba utakuwa nayo ni kumweka kwenye hatari na kujiita mfadhili wake. Mteja aliyekuja tarehe yake akakuta "zimeisha" harudi kwa huyo muuguzi, na wiki chache baadaye hana kinga.

Upande wa maduka, kuna habari njema. Lile duka la Tandika limepanga vidonge usawa wa macho, P2 kando yake, na kadi ya picha ipo imechakaa kona moja, dalili kwamba inaguswa. Amesogeza mizani ya kupimia watoto ikawa kama ukuta mdogo mwisho wa kaunta. Sikumwambia afanye hivyo. Anasema mauzo ya pakiti tatu tatu ndiyo yaliyomshawishi.

Septemba

Kliniki tatu za Chamazi zimeonekana kwenye mfumo, na Mratibu ametoa mgao wa kwanza. Mdogo, lakini umetoka.

Jambo jipya ni utoaji wa vijiti. Tumekuta wanawake waliowekewa bure kwenye kampeni za siku za nyuma, muda umekwisha, na kliniki binafsi zinawatoza kutoa bei kubwa kuliko wangelipa kuwekewa. Mmoja alitembea na kijiti kilichopitwa na muda kwa kukosa hela hiyo. Wenye kliniki wanajitetea kwamba kutoa ni kazi ngumu kuliko kuweka, hasa kikizama, na ni kweli. Lakini mwanamke akisikia jirani yake ameshindwa kukitoa, hataki kuwekewa. Tumeandika kipengele kwenye makubaliano mapya: bei ya kuweka itangazwe pamoja na ya kutoa, zote mbili kwenye bango moja, na aliyewekewa kwenye kliniki hiyo atolewe bila malipo ya ziada wakati wowote atakapotaka. Kliniki mbili zimegoma kusaini. Tunaendelea na zilizosaini.

Ratiba ya Oktoba imebanwa na uchaguzi wa tarehe 29, mikutano ya mitaa haitawezekana baada ya katikati ya mwezi. Kabla ya hapo: kuwapitia wauza jumla wa Kariakoo kwa oda ya vidonge ya miezi sita, mazoezi ya kitanzi kwa Mama kwa kundi la pili, na kuhesabu upya sindano kliniki kwa kliniki. Wanaotakiwa kurudi Novemba tayari wana tarehe zao kwenye madaftari; orodha ya idadi inatakiwa kwangu Ijumaa.